Usiku mmoja kwenye mabonde ya mvinyo ya California: ulale mji gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofika San Francisco kwa kazi, harusi au kumtembelea ndugu hubakiwa na siku moja na nusu ya mapumziko, na mtu huwaambia kwamba Napa iko karibu. Iko karibu kweli. Ugumu huanza wanapofungua ramani na kukuta miji saba au minane, kila mmoja una sifa zake. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa usiku mmoja, chagua mji ambao ukishaegesha gari alasiri hutaligusa tena hadi kesho yake asubuhi. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Usiku mmoja unatosha?

Unatosha kuufahamu mji mmoja, kuonja sehemu tatu au nne na kula chakula kizuri cha jioni. Hautoshi kuzunguka Napa na Sonoma zote mbili, na anayejaribu hurudi akiwa ameona lami zaidi ya mizabibu.

Jambo linalowakwamisha wageni ni saa. Vyumba vingi vya kuonjea mvinyo hufungwa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja jioni. Ukitoka San Francisco baada ya chakula cha mchana siku ya Ijumaa, foleni itakufikisha wakati wanapanga viti juu ya meza. Kwa hiyo mgeni wa usiku mmoja ana vipindi viwili tu vya kuonja: alasiri ya siku ya kufika, na asubuhi ya siku ya kuondoka. Toka San Francisco saa tatu asubuhi, na vipindi hivyo vyote viwili utavipata. Chumba cha hoteli kwa kawaida hakitakuwa tayari kabla ya saa tisa au saa kumi alasiri, lakini hoteli nyingi hukubali kukutunzia mizigo.

Napa na Sonoma zinatofautianaje?

Napa ni bonde moja jembamba, lenye urefu wa kilomita 48 hivi na upana usiozidi kilomita 8. Barabara mbili hulipitia kwa urefu wake: Highway 29 upande wa magharibi na Silverado Trail upande wa mashariki. Miji imejipanga kandokando ya Highway 29 kutoka kusini kwenda kaskazini: Napa, Yountville, vijiji vya Oakville na Rutherford, kisha St. Helena na mwisho Calistoga. Kutoka Napa hadi Calistoga ni kilomita 43 hivi, dakika 45 barabara ikiwa tupu.

Sonoma ni kaunti pana zaidi, inayofika hadi Bahari ya Pasifiki, na ndani yake kuna mabonde mengi. Hapa ndipo watu wanapojichanganya: kuna kaunti ya Sonoma, na kuna mji mdogo wa Sonoma ulio kusini mwa kaunti hiyo. Healdsburg nayo iko kwenye kaunti hiyohiyo lakini kaskazini, karibu mwendo wa saa nzima kutoka mji wa Sonoma. Hakikisha umejua unalala Sonoma ipi kabla hujalipia chumba.

Kwa upande wa mvinyo, Napa ni makao ya Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito. Sonoma ina aina nyingi zaidi: Pinot Noir, mwekundu mwepesi, na Chardonnay, mweupe, kwenye maeneo yenye ukungu, na Zinfandel, mwekundu mwingine, kwenye maeneo ya joto. Napa hutoa karibu asilimia 4 tu ya mvinyo wote wa California, ila jina lake lilipaa tarehe 24 Mei 1976 kwenye shindano la Paris, ambapo majaji Wafaransa walionja bila kuona lebo. Chardonnay ya mwaka 1973 ya Chateau Montelena, kiwanda cha mvinyo cha Calistoga, ilishika nafasi ya kwanza kwa mvinyo mweupe, na Cabernet ya 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars ikaongoza kwa mwekundu. Bei za Napa hazijashuka tangu hapo.

Nikitaka jibu moja tu, niende wapi?

Kama ni mara yako ya kwanza na huna mahitaji maalumu, lala mji wa Sonoma. Uko karibu na San Francisco (kilomita 70 hivi), bei zake zinavumilika kuliko za Yountville au St. Helena, una historia inayoonekana kwa macho, na kila kitu kimezunguka uwanja mmoja. Kama huna gari, mji wa Napa. Kama umechoka na unataka kupumzisha mwili, Calistoga. Kama unapenda mvinyo kwa dhati, Healdsburg. Sababu zake zinafuata.

Mji wa Sonoma una nini hasa?

Una Plaza, uwanja wa hekta tatu hivi uliopimwa na Mariano Guadalupe Vallejo mwaka 1835, wakati California ikiwa bado chini ya Mexico. Uwanja una nyasi, miti mikubwa yenye kivuli na mabenchi. Kwenye kona yake ya kaskazini mashariki kuna misheni ya San Francisco Solano, iliyoanzishwa mwaka 1823, ya mwisho kati ya misheni 21 ambazo watawa Wakatoliki Wafransisko walizijenga California na iliyo kaskazini kuliko zote. Hapo hapo uwanjani, tarehe 14 Juni 1846, walowezi wa Kimarekani walipandisha bendera yenye picha ya dubu na kutangaza jamhuri yao. Jamhuri hiyo haikumaliza hata mwezi, lakini dubu yule bado yuko kwenye bendera ya jimbo hadi leo.

Kuzunguka uwanja kuna zaidi ya vyumba ishirini vya kuonjea, pamoja na migahawa, duka la jibini na mikate, na hoteli ndogondogo. Unatoka mlango mmoja na kuingia mwingine bila kuvuka zaidi ya barabara moja. Nje kidogo ya mji kuna Buena Vista, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1857 na Mhungaria Agoston Haraszthy, na Gundlach Bundschu ya mwaka 1858. Vyote viwili vina majengo na mizabibu ya kutazama, si kaunta peke yake.

Upungufu wake ni kwamba jioni ni tulivu mno. Saa tatu usiku mji unalala. Anayependa pilikapilika za usiku ataona usiku umeisha mapema.

Mji wa Napa wenyewe unafaa, au ni wa kupita tu?

Zamani watu waliupita wakikimbilia kaskazini. Siku hizi mji wenyewe ni mahali pa kukaa. Uko kando ya Mto Napa, na katikati yake kuna vyumba vya kuonjea vingi vya kufikika kwa miguu. Baadhi hubaki wazi hadi jioni, jambo lisilo la kawaida bondeni. Kuna Oxbow Public Market, soko lenye paa ambapo unaweza kula chaza, taco (chapati ya Kimexico iliyokunjwa na kujazwa nyama au mboga), nyama ya kuchoma na aiskrimu ndani ya jengo moja, kila mtu akichagua kwake. Kwa familia au kundi ambalo halikubaliani kuhusu chakula, soko hilo linamaliza ubishi.

Tetemeko la tarehe 24 Agosti 2014, lenye ukubwa wa 6.0, liliharibu majengo mengi ya kale katikati ya mji. Mengi yamekarabatiwa, na ukitembea mitaa ile utaona mawe ya karne ya 19 yakiwa yameshikiliwa na vyuma vipya.

Jambo la kujua kabla hujafika ni kwamba hapa ni mjini. Ukifungua dirisha la hoteli utaona maegesho au mto, mizabibu iko kilomita kadhaa nje. Ambaye ndoto yake ni kuamka katikati ya shamba atafute penginepo.

Yountville ni ya matajiri tu?

Kulala, karibu ndiyo. Mji una wakazi wapatao 3,000 na migahawa ambayo miji mikubwa inaionea wivu. Mmoja wao ni The French Laundry, ambao mpishi Thomas Keller aliuchukua mwaka 1994 na ambao umetunukiwa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mwongozo huo wa migahawa. Nafasi zake huisha mapema mno, kwa hiyo usipange safari kwa kutegemea kwamba utapata meza siku ileile.

Kula na kutembea, hapana. Ng'ambo ya barabara kutoka mgahawa huo kuna bustani ya mboga inayoulisha, na mpita njia anaruhusiwa kuingia na kutembea kati ya matuta: letusi za rangi tatu, vitunguu, maharage yaliyopandishwa kwenye miti, kila tuta na kibao chake. Ukinunua mkate au keki Bouchon Bakery, umbali mfupi kutoka hapo, ukala kwenye benchi, umeionja Yountville kwa dola chache. Ndiyo maana nashauri uwe mji wa kupitia asubuhi. Kwa kulala, uuchague kama chakula cha jioni ndicho kiini cha safari yenu, tuseme maadhimisho ya ndoa. Hapo pesa inakuwa imekwenda mahali pake, kwa sababu mtarudi chumbani kwa miguu.

Mji umepewa jina la George C. Yount, aliyepanda mizabibu ya kwanza bondeni miaka ya 1830.

St. Helena je?

Barabara yake kuu ni nzuri kuliko zote bondeni, yenye majengo ya mawe na maduka ya kupendeza. Jirani kuna Charles Krug (1861), kiwanda cha kwanza cha biashara bondeni Napa, na Beringer (1876), pamoja na jengo kubwa la mawe la Greystone ambako Culinary Institute of America hufundisha wapishi tangu 1995.

Kwa usiku mmoja siipendekezi kwa kulala. Vyumba ni ghali, viwanda vinavyoifanya maarufu viko nje ya mji kwa hiyo bado unahitaji gari, na Highway 29 inapita katikati yake. Alasiri ya Jumamosi foleni hapo husogea kama konokono. Pita asubuhi, nunua chakula cha kubeba, endelea.

Kwa nini watu wanaisifu Calistoga?

Kwa sababu ya maji ya moto yanayotoka ardhini. Wenyeji Wawappo waliyatumia karne nyingi kabla ya Sam Brannan, mfanyabiashara wa enzi za kukimbilia dhahabu, kujenga hoteli ya mapumziko hapo mwanzoni mwa miaka ya 1860. Hadi leo unaweza kulala kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa la maji ya madini, ukaogelea usiku huku hewa ikiwa na baridi na mvuke ukipanda.

Wanachokiuliza zaidi ni tope. Beseni linajazwa mchanganyiko wa majivu ya volkano, mboji na maji ya moto ya madini. Unapoingia huzami, tope ni zito kiasi kwamba unaelea juu yake hadi mhudumu akufunike mabega, na joto linakufikia polepole kutoka miguuni. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, kisha unaoga, unaloweka mwili kwenye maji, unafungwa shuka na kulala kidogo. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo au shinikizo la damu wasiingie bila kumwuliza daktari. Na usiingie baada ya kuonja mvinyo: joto na pombe pamoja hukausha maji mwilini, na kizunguzungu kikikushika humo si jambo dogo. Panga tope kwanza na mvinyo baadaye, au tope liwe asubuhi.

Mji wenyewe ni mtaa mmoja, Lincoln Avenue, usio na makuu. Sheria ya mji inazuia migahawa ya kampuni kubwa zenye matawi mengi, kwa hiyo utakapokula ni kwa mwenyeji. Kasoro ni umbali: kilomita 120 hivi kutoka San Francisco. Ukilala hapa, kubali kwamba nusu ya chini ya bonde utaipita tu.

Healdsburg iko mbali. Inafaa?

Ni kilomita 110 hivi kutoka San Francisco, lakini barabara kubwa ya 101 inakufikisha karibu kabisa na katikati ya mji, kwa hiyo haichoshi kama Calistoga. Nayo ina uwanja wake wa kati, uliopimwa na Harmon Heald mwaka 1857, wenye miti ya redwood na mitende, na vyumba vya kuonjea vimeuzunguka pande zote.

Ubora wake mkubwa ni mahali ulipo. Mabonde matatu yanakutana hapa: Russian River Valley ya Pinot Noir na Chardonnay, Dry Creek Valley ya Zinfandel, na Alexander Valley ya Cabernet. Ndani ya kilomita chache unaonja tofauti kubwa zinazoletwa na ukungu na udongo. Dry Creek ndiyo ninayoipenda kuliko zote: barabara nyembamba ya njia mbili, maghala ya mbao, mizabibu ya zamani ya Zinfandel yenye mashina manene yaliyojikunja, na mara nyingi anayekumiminia ni wa familia yenye shamba. Atakueleza mvua ya mwaka huu ilivyokuwa na utabaki umesimama pale nusu saa ukimsikiliza. Kwa anayetaka kujifunza, sijui mji unaolingana na huu kwa usiku mmoja.

Bei za hoteli zimepanda sana. Ukishindwa, Windsor na Santa Rosa ziko kusini yake na ni nafuu, ila utakuwa umerudi kwenye gari.

Kuna vimiji vingine vya kufikiria?

Glen Ellen, kaskazini mwa mji wa Sonoma, kwa anayetaka kimya na miti; mwandishi Jack London aliishi na kuzikwa hapo, na shamba lake sasa ni hifadhi ya jimbo. Guerneville, kando ya Mto Russian, kwa anayetaka msitu wa redwood wa Armstrong kuliko mvinyo. Petaluma na Rohnert Park ni za kuokoa pesa.

Je, naweza kwenda bila gari?

Mji wa Napa, ndiyo. Panda kivuko kutoka San Francisco hadi Vallejo, safari ya saa moja hivi yenye mandhari nzuri ya ghuba, kisha basi la Vine namba 11 hadi Napa. Ukifika, basi namba 10 linapanda bonde lote hadi Calistoga kwa nauli ndogo. Kuna pia njia ya baiskeli, Napa Valley Vine Trail, ambayo kipande cha kutoka Napa hadi Yountville ni tambarare na kimetenganishwa na magari.

Upande wa Sonoma kuna kivuko cha Larkspur na treni ya SMART, ambayo tangu 2025 inafika Windsor, kusini kidogo ya Healdsburg. Inawezekana, ila usiku mmoja ni mfupi kwa mabadilisho yote hayo. Mji wa Sonoma hauna treni.

Teksi za simu hupatikana kwa urahisi mjini Napa. Dry Creek au milimani, mtandao wenyewe unaweza kukatika na dereva asipatikane. Usiende huko kwa teksi ukidhani utapata nyingine ya kurudia.

Nikionja, naweza kuendesha?

Hili nalijibu kwa uzito wake. Kipimo cha sheria California ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu, lakini polisi anaweza kukukamata hata chini ya hapo akiona uendeshaji wako umeathirika. Onjo moja la kawaida lina mimino minne au mitano ya mililita 30 hivi, maana yake umekunywa glasi nzima. Sehemu tatu ni glasi tatu, mara nyingi kabla ya saa tisa alasiri, kwenye jua kali. Chupa iliyofunguliwa nayo hairuhusiwi ndani ya gari penye abiria. Iweke kwenye buti.

Njia ni tatu. Mmoja wenu asinywe. Au mkodi gari lenye dereva, gharama ambayo watu wanne wakigawana inavumilika. Au mfanye ninavyoshauri: mwonje kwa miguu mjini siku ya kwanza, na asubuhi mtembelee shamba moja tu huku dereva akionja na kuutema mvinyo bila kuumeza. Kutema ni jambo la kawaida kabisa. Ndoo iko juu ya kaunta kwa ajili hiyo, na wataalamu wote huitumia. Hakuna atakayekushangaa.

Waliozoea kuendesha upande wa kushoto waongeze tahadhari, kwani Marekani ni kulia. Na kwenye Highway 29 kukata kushoto kuvuka magari yanayokuja ni mtihani. Panga viwanda vya upande mmoja wa barabara unapopanda na vya upande wa pili unaporudi, au tumia Silverado Trail, yenye taa chache na magari machache. Vibao vyote ni vya maili. Daraja la Golden Gate halipokei pesa taslimu, kwa hiyo mwulize anayekukodisha gari jinsi ushuru unavyolipwa.

Lazima niweke nafasi kabla?

Napa, ndiyo, karibu kila mahali. Tangu 1990 sheria ya kaunti inataka viwanda vipya vya mashambani vipokee wageni kwa miadi tu, lengo likiwa kulinda ardhi ya kilimo isigeuke ya burudani. Mwaka 1968 kaunti hiyo ilikuwa imeshatenga hifadhi ya kilimo, ya kwanza ya aina yake Marekani, na ndiyo sababu unapopita leo unaona mizabibu badala ya nyumba za kupanga. Kwa hiyo anayekuambia "samahani, bila miadi hatuwezi" anatii sheria.

Vyumba vya kuonjea vya mijini vina uhuru zaidi, na Sonoma kwa jumla ni nyepesi kuliko Napa. Hata hivyo Jumamosi usibahatishe. Weka nafasi mbili: moja saa nane mchana siku ya kufika, nyingine saa nne au saa tano asubuhi siku ya kuondoka, katikati acha nafasi ya kuzurura. Beba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Umri wa kunywa ni miaka 21, na mwenye mvi naye anaweza kuulizwa.

Itanigharimu kiasi gani?

Kuonja Napa tarajia dola 40 hadi 100 kwa mtu, na sehemu za kifahari hupita hapo. Sonoma huwa chini kidogo. Ukinunua chupa kadhaa, wengi hukufutia ada hiyo, kwa hiyo uliza kabla. Watu wawili wakigawana onjo moja si aibu, na ni njia nzuri ya kupunguza pombe na gharama pamoja.

Chumba ndicho kinachokula pesa. Wikendi za msimu, hoteli nyingi za Yountville na St. Helena hupita dola 500 kwa usiku, na juu yake kuna kodi ya kulala ya asilimia 12 au zaidi. Hoteli nyingine huongeza pia ada ya huduma. Tena nyumba ndogo za wageni mara nyingi hazipokei mtu wa usiku mmoja Jumamosi, wanataka mbili. Dawa ya yote haya ni kwenda katikati ya wiki. Jumatano utapata chumba kwa bei ya chini sana, barabara tupu, na mhudumu mwenye muda wa kuzungumza nawe. Angalia tu siku za kufunga, maana migahawa kadhaa hupumzika Jumatatu na Jumanne.

Niende mwezi gani?

Mavuno ni Agosti hadi Oktoba. Zabibu za mvinyo wenye mapovu hutangulia, Cabernet hufunga. Kazi nyingi hufanyika usiku zabibu zikiwa baridi, na ukiamka alfajiri unaweza kuona taa za wavunaji shambani na malori yenye mapipa ya zabibu barabarani. Hewa ya mji mzima hunuka chachu. Ni wakati wa kusisimua na wa bei kubwa kuliko zote.

Chaguo langu ni Februari au mwanzo wa Machi. Mizabibu ni mikavu, lakini katikati ya mistari haradali imechanua, bonde zima ni njano. Mvua inawezekana, umati haupo. Aprili na Mei majani mabichi yanatoka. Julai na Agosti mchana hupita nyuzi 30, hasa Calistoga, ambayo iko kaskazini lakini ina joto kuliko kusini kwa kuwa ukungu wa ghuba ya San Pablo hauifikii kirahisi. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, basi sweta ibebwe hata kiangazi.

Moto wa misitu je?

Ni hatari ya kweli. Oktoba 2017 moto ulioanzia karibu na Calistoga ulifika Santa Rosa usiku uleule na kuua watu 22. Mwaka 2019 Healdsburg nzima ilihamishwa, na Septemba 2020 moto mwingine uliunguza viwanda karibu na St. Helena na Calistoga. Ukienda kati ya Agosti na Oktoba, lipia chumba kinachokubali kughairiwa, angalia hali ya hewa ya moshi siku moja kabla, na ukiona tangazo la kuhama ondoka mara moja.

Mimi sinywi pombe, au nina watoto. Nitafanya nini?

Mengi tu. Calistoga ina mabwawa ya moto, chemchemi inayoruka ya Old Faithful na njia za kupanda Mlima St. Helena wenye mita 1,323. Mji wa Sonoma una misheni, uwanja wa kuchezea watoto na Train Town, bustani ya treni ndogo za kupanda. Mashamba ya mizeituni huonjesha mafuta na mkate. Viwanda vingi vina juisi au maji ya soda kwa asiyekunywa, lakini baadhi havipokei watoto kabisa, kwa hiyo uliza unapoweka nafasi. Castello di Amorosa, kiwanda kilichojengwa kwa umbo la ngome ya kale karibu na Calistoga, huwapokea na huwapa juisi ya zabibu. Kwa msafiri asiyekunywa, Calistoga ndiyo jibu langu bila kusita.

Chupa nilizonunua nizisafirisheje?

Usiziache garini mchana. Joto la buti huharibu mvinyo ndani ya saa chache na kusukuma kizibo nje. Zipande nawe chumbani. Kwenye ndege haziruhusiwi kwenye begi la mkononi kwa kuwa zinazidi mililita 100, zinaingia kwenye begi la kupakiwa. Mvinyo ulio chini ya asilimia 24 hauna kikomo cha idadi kwa kanuni za usalama wa ndege za Marekani, ila uzito wa begi una kikomo, na chupa moja iliyojaa ni zaidi ya kilo moja. Ifunge kwa nguo pande zote, katikati ya begi, mbali na kingo. Kisha angalia kanuni za forodha za nchi unayokwenda, kwani kiasi kinachoingia bila ushuru hutofautiana.